Makarius, Baba Aliyeombewa Akiwa Hai

Makarius Ndayikunda alimvunja Stanislaus mkono kwa mpini wa jembe, mchana kweupe, kwenye kilabu cha pombe cha Kumsenga, na hilo lisemwe kwanza kabla ya sifa yoyote. Hakuonewa wala hakusingiziwa. Alikuwa amekunywa pombe ya ndizi tangu asubuhi, akapanda baiskeli, baiskeli ikamtupa mtaroni mbele ya watu. Stanislaus akacheka. Wengine nao walicheka, lakini Stanislaus ndiye aliyekuwa karibu. Mahakama ya Kibondo ilimpa Makarius miaka minne. Ulikuwa mwanzo wa mwaka 1994, barabara za wilaya zimejaa wakimbizi kutoka Burundi, wenye mizigo kichwani na watoto mgongoni, na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kumhurumia mlevi mmoja.

Alipokuwa akipandishwa kwenye gari la polisi, mkewe Immakulata alipenya katikati ya watu akamfikia.

"Baba Ange, mtoto nimwambie nini?"

"Mwambie nimekwenda Urambo. Kwenye tumbaku."

"Na akiuliza unarudi lini?"

"Mwambie nina kazi nyingi."

Maneno hayo hakuyabuni yeye. Katika vilima vile wanaume wamekuwa wakienda Urambo kwenye tumbaku miaka mingi, kama baba zao walivyokwenda kwenye mkonge. Aliye Urambo anatajwa kwa heshima hata asipokuwepo. Aliye gerezani hatajwi. Makarius alijiambia kwamba anamkinga mtoto wake wa pekee, binti wa miaka mitano, na aibu. Ukweli ni kwamba alikuwa anajikinga mwenyewe, na mtu anayejificha nyuma ya mtoto mdogo amechagua ukuta mwembamba sana.

Gereza alilopelekwa lilikuwa nje kidogo ya mji wa Kasulu, gereza la kilimo, mahindi na maharage mpaka ukingoni mwa msitu. Kazi haikumtisha. Alilima, akanyamaza, pombe ikamtoka mwilini kwa jasho. Kabla mwaka haujaisha akafanywa nyapara wa shamba la maharage. Immakulata alikuja kumwona mara chache, peke yake, kwa amri ya mumewe. Kila mara Makarius aliuliza habari za mbuzi, habari za migomba, na kama paa limevuja. Mwishoni angeuliza, "Na mtoto?" Immakulata angejibu, "Yupo," na dakika zao zingekuwa zimekwisha.

Kila Jumamosi, wafungwa wakishatoka shambani, alifika gerezani mwanamke mmoja mwembamba juu ya baiskeli. Huyo alikuwa Bi Mwanahawa, afisa ustawi wa jamii, mzaliwa wa Tanga, mwenye Kiswahili cha pwani kilicho laini kwa sauti na kikali kwa maana. Aliendesha darasa la akina baba chini ya bati la ghala la mahindi. Siku ya kwanza aliwaambia wafungwa wote, "Hakimu amewafunga ninyi. Hakuwavua ubaba. Sasa nataka kujua, kazi hiyo mnaifanyaje mkiwa humu?"

Makarius hakwenda. Kwao, baba haketi na mtoto mdogo kupiga soga. Baba anauliza mbuzi wamerudi, mtoto anajibu huku anatazama chini, basi. Mengine yote ni ya mama.

"Hilo ni darasa la wanyonyeshaji," alimwambia Bazilio, mtu mnene wa Kasanda aliyefungwa kwa wizi wa ng'ombe na ambaye mkeka wake ulikuwa kando ya mkeka wa Makarius.

"Basi mimi nanyonyesha," Bazilio alimjibu. "Nina watoto sita, ndugu yangu. Wa mwisho nilimwacha hajaota meno. Nikitoka sitaki anikimbie akidhani nimekuja kumwiba mama yake."

Wote waliosikia walicheka, Makarius naye akacheka, na bado hakwenda.

Mwezi wa Novemba 1995 Immakulata alifika bila kutarajiwa. Kitenge chake kilikuwa kimejaa vumbi la unga, kwa kuwa alisafiri juu ya magunia, kwenye lori la chakula cha wakimbizi. Makarius alipomwona uso tu, aliwahi kuuliza.

"Mtoto anaumwa?"

"Mtoto mzima. Wewe ndiye umekufa."

"Mama Ange, unasemaje?"

"Nasema umekufa, baba Ange. Umesomwa kanisani."

Akamweleza. Kila mwaka, siku ya kuwaombea marehemu, familia za kigango cha Kumsenga humpelekea katekista majina ya wafu wao ili yasomwe mbele ya waumini. Ange, ambaye sasa alikuwa na miaka saba, alichota bakuli la maharage ghalani liwe sadaka, akaenda peke yake kwa katekista Fidele. Fidele alikuwa amehamia karibuni, hajazijua nyumba za watu. Alimsifu mtoto kwa kumkumbuka mzazi wake, akaliandika jina. Jumapili akalisoma kwa sauti yake nzuri, katikati ya wazee waliozikwa zamani: Makarius Ndayikunda, apumzike kwa amani.

"Kanisa lote likawa kimya," Immakulata alisema. "Halafu mtu akacheka nyuma. Mmoja tu. Wakafuata wengine. Nilitamani sakafu inimeze. Nje, watoto wakamzunguka Ange wakimwimbia kwamba baba yake hajafa, yuko jela, amemvunja mkono Stanislaus, baba yake Esteri."

"Lakini nani alimwambia nimekufa?"

"Sisi. Unamkumbuka baba yake Haidari, jirani yetu? Alikwenda Urambo, tukawa tunasema ana kazi nyingi, ana kazi nyingi. Kumbe alishafariki, wakubwa walikuwa wanasubiri ukoo ukutane ndipo watangaze. Ange alikuwepo akisikia. Halafu nyumbani kwake anasikia maneno yale yale. Watu wazima wakimwona wanabadilisha mazungumzo. Ungekuwa wewe ungefikiri nini?"

Makarius alishika ubao uliowatenganisha. "Na sasa anasemaje?"

"Namwambia baba yako yuko hai, yuko Kasulu. Ananijibu, 'Mama, na Urambo uliniambia hivyo hivyo.'"

Askari aliyekuwa zamu, Afande Hamis, alitazama pembeni ili asionekane anasikiliza. Muda uliisha, naye akawaachia dakika chache zaidi.

Makarius hakuhitaji kulala macho usiku ndipo akielewe alichokifanya. Alikielewa palepale ubaoni. Alikuwa amejificha nyuma ya mtoto, mtoto akamzika. Tena alimzika vizuri, kwa heshima zote, kwa sadaka aliyoichota mwenyewe. Hakuna adui ambaye angeweza kumwadhibu hivyo. Na sasa hofu yake haikuwa tena kifungo. Alihofia kwamba atatoka gerezani akiwa mzima na kumkuta binti ambaye hana baba, na ambaye hatamwamini mtu yeyote atakayemwambia anaye.

Jumamosi iliyofuata aliketi chini ya bati la ghala, nyuma kabisa. Bi Mwanahawa hakumpongeza. Alimwita mbele.

"Baba Ange, karibu. Mwanao amekuja kukutembelea. Huyu hapa."

Bazilio aliketi sakafuni, akakunja miguu, akaingiza kidole mdomoni. Darasa likapasuka kwa kicheko.

"Mnamcheka?" Bi Mwanahawa aliuliza. "Huyo atawashinda wote. Haya, mtoto, uliza."

Bazilio akabana sauti. "Baba, ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa... safarini."

"Safari gani?"

Makarius alitoa macho, akatazama bati, akatazama magunia. "Mbuzi wamezaa?"

Hata Afande Hamis pale mlangoni alishindwa kujizuia. Bi Mwanahawa peke yake hakucheka.

"Mtoto kakuuliza habari zako, wewe wamuuliza habari za mbuzi. Akiondoka hapa atakuwa kapata baba au kapata mchungaji wa mifugo? Keti chini, baba Ange. Chini kabisa, macho yenu yalingane. Lile ulilolifanya lina jina. Litaje kwa jina lake. Ukishamjibu alichouliza, nyamaza, ngoja aulize tena. Na zawadi usimwahidi. Wewe huna kitu, na yeye hakuja kununuliwa."

Walirudia zoezi hilo Jumamosi nyingi. Bazilio alikuwa mtoto mkali kupita kiasi. Siku moja aliuliza, "Baba, ni kweli Stanislaus sasa anakula kwa mkono wa kushoto?" Makarius aliinuka ghafla akamshika shati.

"Hasira ile ile?" Bi Mwanahawa aliuliza polepole.

Makarius akaitazama ngumi yake kama ya mtu mwingine. Akamwachia Bazilio, akamnyooshea kola, akaketi. "Ni kweli," alisema. "Mkono wa kulia haunyanyuki. Mimi ndiye niliyeuvunja." Ilikuwa mara ya kwanza kulisema hilo mahali pasipo hakimu, na hakuna aliyecheka.

Mwanzoni mwa mwaka 1996 mkuu wa gereza alimkubalia Bi Mwanahawa siku ya akina baba na watoto. Hakutakuwa na ubao wala wavu katikati, ila mabenchi tu chini ya ghala na askari mlangoni. Immakulata alimleta Ange juu ya lori, mtoto amevaa gauni la kanisani na amefunga mdomo tangu Kibondo. Alikuwa amekubali kuja kwa sharti moja: akikuta ni uongo tena, hatamwita Immakulata mama.

Akaingia. Akawaona wanaume wamepangwa kwenye mabenchi, kimya, kila mmoja na sare yake nyeupe ya mfungwa. Akarudi nyuma, akavuta kitenge cha mama yake.

"Mama," alinong'ona, na mnong'ono wake ukasikika ghala zima, "hawa wote wamekufa. Wamevikwa shuka."

Bazilio alijifunika uso kwa viganja. Makarius akainuka, akasahau yote aliyofundishwa. Mazoea ya baba zake yote yalimjia kwa pamoja.

"Ange," alisema kwa sauti ya mzee aliye bomani kwake, "mbuzi wamezaa?"

Bi Mwanahawa alikohoa. Makarius akafumba macho, akayafumbua. Kisha, mbele ya wafungwa, askari na wake za watu, mwanamume huyo mrefu alishuka, akaketi sakafuni, miguu ameinyoosha kama mtoto anayeota jua.

"Achana na mbuzi," alisema. "Mimi ni baba yako. Sikufa. Njoo uone."

Ange alimkaribia kidogo kidogo. Alinyoosha vidole viwili, akamfinya mkono kwa nguvu zake zote.

"Aii!"

"Maiti haiumii," Ange alisema, si kwake, bali kwa mama yake, kama mtu anayetoa taarifa. Kisha akamgeukia. "Ulikuwa Urambo?"

"Hapana. Sijawahi kufika Urambo. Nimekuwa hapa gerezani siku zote."

"Kwa nini?"

"Nilimpiga Stanislaus kwa mpini wa jembe, nikamvunja mkono."

"Alikufanya nini?"

"Alicheka. Nilikuwa nimelewa, nikaanguka, akacheka."

Ange akalifikiria jambo hilo. "Basi?"

"Basi. Hakunifanya kingine."

Mtoto alimtazama mama yake, na sauti yake ikabadilika. "Mama ndiye alisema Urambo. Mama ni mwongo."

Hapo palikuwa na mlango wazi wa kutokea, na wanaume wengi wameupitia. Immakulata aliinamisha kichwa. Alikuwa tayari kubeba lawama. Makarius alimwona, akatikisa kichwa.

"Hapana. Mama yako alisema nilichomwamuru aseme. Uongo ule ni wangu. Yeye aliubeba tu, kama alivyobeba kuni na maji na wewe mwenyewe, wakati mimi sipo. Nilikuonea aibu, Ange. Nilikosa, na kwa mama yako pia nilikosa."

Ange hakulia. Alijishusha, akakaa sakafuni mbele yake, magoti yao yakakaribiana.

"Esteri anakaa na mimi dawati moja," alisema. "Baba yake hawezi kulima vizuri. Esteri anachelewa shule kwa sababu ya kulima. Mwalimu anamchapa."

Hilo Bazilio hakuwahi kuliuliza. Makarius akajibu lililokuwa kweli. "Sikujua."

"Sasa umejua. Ukitoka, usije nyumbani kwanza. Nenda kwa baba Esteri."

"Nitakwenda."

"Usipokwenda?"

"Usiniite baba."

Ange aliafiki kwa kichwa. Walipokuwa wakiondoka alipiga makofi polepole, amekunja magoti, kama wasichana wa kule wanavyowaaga wakubwa. Jina la baba hakulitamka.

Ahadi ikitolewa gerezani ni rahisi. Inapimwa njiani. Makarius alipata msamaha wa theluthi ya kifungo kwa nidhamu yake, akatoka Novemba 1996, mvua za kwanza zikianza. Bi Mwanahawa alimshika mkono langoni. "Siji kukukagua," alisema. "Mkaguzi wako yuko Kumsenga, na simuonei wivu mtu atakayekaguliwa naye." Lori alilolipanda lilipishana njiani na malori mengine yaliyojaa watu wapya, Wakongo, wakielekea kambi ya Nyarugusu na vyombo vyao vimefungwa kwa kamba.

Kwenye njia panda ya Kumsenga walimngoja kaka zake na nusu ya ukoo. Walikuja na ngoma, na mtungi wa pombe ya ndizi umefunikwa majani, mirija imeshachomekwa. Nyumbani mbuzi alikuwa amechinjwa. Immakulata alisimama kando, na Ange alisimama mbali zaidi, peke yake, pale njia inapogawanyika. Hakumkimbilia. Alikuwa anatazama miguu ya baba yake.

"Kaka, karibu! Onja kwanza, uoshe koo la jela!"

"Asanteni," Makarius alisema. "Sinywi tena. Na nyumbani nitakuja, lakini si sasa. Naanza kwa Stanislaus."

Ngoma zikazimika. "Kwa Stanislaus kufanya nini?"

"Kumwomba radhi."

"Mbele ya watu? Miaka yote hiyo umelipa serikalini, hukumalizana naye?"

"Serikali ndiyo niliyomalizana nayo."

Kaka mmoja alitema mate. "Jela imekufanya mwanamke, Makarius."

Mwanamume wa zamani angetafuta mpini. Makarius alihisi damu ikipanda shingoni, akaisikia, akaiacha ishuke. Akawapita. Akapita ngoma, akapita mtungi, akashika njia ya kushoto, nyembamba, inayoshuka bondeni kwa Stanislaus. Hakugeuka nyuma kumtafuta mtu. Alikuwa amefika kwenye migomba aliposikia nyayo ndogo zinakimbia.

"Dawe!" Ange aliita kwa lugha ya nyumbani, neno ambalo watoto wa kule humwitia baba. "Dawe, ningoje!"

Akamngoja. Akashika mkono wake, wakashuka pamoja.

Stanislaus alikuwa mlangoni, mkono wake wa kulia umelala pajani. Alimtazama Makarius akipiga goti kwenye tope la uani, akamsikiliza mpaka mwisho. Lakini ukoo ulikuwa umewafuata, pamoja na mtungi, maana hakuna aliyetaka kukosa kuona. Mzee mmoja akasema kwamba suluhu ya kwao hufungwa kwa watu wawili kunywa mtungi mmoja, asiyekunywa hajapatana.

"Pombe ndiyo iliyonivunja mkono," Stanislaus alisema. "Leo ninyi mwataka inipatanishe? Mama Esteri, kuna ndizi ulizokamua asubuhi. Lete yale maji yake kabla hayajachachuka."

Yakaletwa kwenye kibuyu, matamu, mazito, yana vipande vya nyasi. Wakanywa wote wawili kwa mirija, vichwa vikikaribiana. Stanislaus alipoinua uso alikuwa anacheka. Kicheko ni kile kile. Makarius akakisikia mpaka mwisho wake, kisha akacheka naye.

"Radhi nimekupa," Stanislaus alisema. "Ila shamba langu halijalimwa, na mvua hizo."

"Nimekuja bila jembe."

"Majembe ninayo. Mikono ndiyo sina."

Kesho yake asubuhi, kabla hajagusa hata jembe la shamba lake mwenyewe, Makarius alilima kwa Stanislaus. Akalima siku hiyo na zilizofuata, shamba lililo kando ya barabara kuu, mahali ambapo kila aendaye sokoni Kibondo lazima apite. Esteri akawahi shule. Watu walipunguza mwendo, wengine wakasimama kabisa. Jioni Ange alikuja kupanda maharage nyuma yake, na msafiri mmoja mwenye baiskeli, mgeni wa kule, akauliza, "Binti, nani huyo anayelima kama trekta?"

Immakulata, aliyekuwa amewaletea chakula, alishusha macho kwa mazoea. Mtoto hakushusha.

"Baba yangu," Ange alisema, kwa sauti iliyofika ng'ambo ya bonde. "Alikuwa gerezani Kasulu. Amerudi."